Gari la Mzee Wangu na Neno "Mabaki"

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini majuma saba yamepita bila ya mimi kuweka shairi wala maelezo ya neno hata moja. Jibu ni kwamba nilikuwa gereji. Siku nisipokuwa gereji nilikuwa katika ofisi ya bima, na siku nisipokuwa kote huko nilikuwa nyumbani nikimdanganya baba yangu.

Ilitokea asubuhi, barabara ya Kibarani, nikitoka Changamwe kurudi Kisiwani. Mbele yangu palikuwa na lori la makontena lililokuwa likienda kwa mwendo wa kinyonga, kama malori yote ya bandarini yaendavyo. Nami, kwa ukweli wa Mungu, nilikuwa nikihesabu mizani. Nilikuwa na ubeti ulionikwama tangu usiku, ukwapi una silabi tisa badala ya nane, na kidole changu kilikuwa kikigongagonga usukani: moja, mbili, tatu. Nilipofika ya saba lori lilikuwa limesimama. Nilikanyaga breki, gari likateleza, pua yake ikaingia chini ya mkia wa lile kontena. Hakuna aliyeumia. Lori halikupata hata mkwaruzo. Dereva wake alishuka, akatazama, akasikitika kwa sauti: "Gari kama hili, Mzee wangu!"

Gari kama hili ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, kabureta mbili. Baba yangu alilinunua mwaka 1981 likiwa limekwisha kutumika, kwa akiba yake ya ukarani. Wanaokumbuka mashindano ya Safari wanajua sababu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana alama za adhabu na Harry Källström, ikabidi mshindi atafutwe kwa kanuni ya ziada. Baba aliyafuatia yote kwa redio na hadi leo huyasimulia kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Gari lenyewe halina kiti cha nyuma.

Sasa ana miaka 84 na macho yamemwishia. Lakini kila Ijumaa alasiri nilikuwa nikimtia garini, tukaenda hadi ufukwe wa Mama Ngina, akashusha kioo na kusikiliza. Injini hiyo aliijua kwa sauti, na bodi akaijua kwa mkono. Ndiyo maana siku ya ajali nilimwambia gari lipo sevisi, na Ijumaa iliyofuata nikamwambia spea zimechelewa.

Ofisini nilipewa fomu yenye swali la kueleza jinsi ajali ilivyotokea, na kijana wa mapokezi akaniruhusu nieleze kwa Kiswahili. Hapo nilikaa kitambo. Neno "ajali" tulilitoa katika Kiarabu, na huko lina maana ya muda uliowekwa, hasa mwisho wa umri wa mtu. Wazee wetu walilitumia hivyo hivyo: ajali ilikuwa siku yako imefika. Polepole likahamia kwenye mgongano wa barabarani, likabaki na ile harufu ya kadari, kwamba jambo limekujia wala hukulifanya wewe. Tunasema ajali haina kinga. Na bima je, si kinga? Neno hilo nalo lilitujia kupitia Wahindi, na asili yake hunasibishwa na "bim" ya Kiajemi, yaani hofu. Nilijaribu kuandika sentensi ambayo ndani yake lori lilinijia. Haikuandikika. Mwishowe niliandika: "Sikuwa makini, nilikuwa nikifikiria shairi." Kijana aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nataka kubadilisha. Nikasema hapana.

Baada ya siku tisa mtathmini aliyetumwa na kampuni alikuja kulitazama gari. Alipiga picha, akachungulia chini, akaondoka. Barua ikafuata. Gari nilikuwa nimelikatia bima kubwa kwa thamani ya shilingi 900,000. Yeye aliandika kwamba kwa umri wake thamani yake sokoni ni shilingi 600,000, na kwamba matengenezo kwa spea mpya za kuagiza yatagharimu 480,000. Kwa kuwa gharama imepita nusu ya thamani, kampuni haitengenezi. Italipa, kisha itachukua kilichobaki. Yule kijana alinitajia hali hiyo kwa Kiingereza, nikamwomba aniambie kwa lugha yetu. Alifikiri sana, maskini, kisha akasema kwa upole, "Gari limekufa, Mwalimu."

Na kilichobaki kikaitwa mabaki. Neno hili nimelifundisha darasani miaka mingi: mabaki ya chakula, mabaki ya mji wa kale wa Gedi. Sikuwahi kudhani litaandikwa juu ya kitu ambacho baba yangu hukipapasa kwa kiganja. Usiku ule nyuma ya barua yao niliandika ubeti, na ndio pekee nilioupata katika majuma saba:

Wamekwita ni mabaki, nami nakwita urithi,
Bei yao siitaki, waliyokata thuluthi,
Jeraha halifutiki, kila bati na hadithi,
Gari la mzee wangu, haliuzwi kwa mizani.

Mizani ya hapo mwisho ni ile ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ingawa sikatai nyingine.

Niliambiwa kwamba nikitaka kubaki na gari, ninaweza kulinunua kwao kwa shilingi 150,000. Yaani watanipa 600,000, watatoa hizo 150,000 na 30,000 ninazopaswa kujilipia kwa mujibu wa mkataba, nami nitaondoka na 420,000 na gari langu. Fedha nzuri. Lakini kwenye makaratasi gari lingekuwa maiti, na maiti halikatiwi bima kubwa tena. Neno "fidia" nalo, wasomaji wangu, kwa asili ni malipo ya kumkomboa mateka. Hapa mimi ndiye niliyeambiwa nimkomboe mateka wangu kutoka kwa anayenilipa fidia.

Nikakasirika, nikatafuta mtu anayejua magari ya kale. Akaniandikia barua kwamba gari hili, kwa hali lililokuwa nalo kabla ya ajali, halipungui shilingi 2,400,000. Nilifurahi kwa muda wa nusu saa, hadi nilipoketi na kalamu. Ikiwa gari lina thamani ya 2,400,000, basi mimi nililikatia bima ya 900,000 tu, na mkataba unasema aliyekata bima pungufu hulipwa kwa uwiano: 900,000 kwa 2,400,000, yaani asilimia 37.5. Katika zile 480,000 za matengenezo ningepata 180,000, kisha zitolewe 30,000. Nikithibitisha kwamba gari ni la thamani kubwa, mimi ndiye niliyelidharau. Nikikubali ni la thamani ndogo, limekufa.

Na kwa nini nilikata bima pungufu? Kwa sababu ada ni asilimia 4. Kwa 900,000 nilikuwa nikilipa 36,000 kwa mwaka. Kwa thamani yake ya kweli ningelipa 96,000. Miaka sita nimekuwa nikijisifu kwa ujanja huo.

Aliyeninasua ni fundi mmoja mzee wa Shimanzi, mtu wa jua kali tangu ujana wake, ambaye sote humwita Ami. Alilizunguka gari bila ya kusema, akalala chini kwenye kipande cha boksi, akatoka. "Mwalimu, mfupa haujavunjika. Umepinda." Gari hili halina fremu ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo mifupa, na likipinda mbele linapinda lote. Ami alichukua kamba, akapima kutoka bolti hadi bolti kwa mshazari, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Kamba mbili zilitofautiana kwa milimita 18. "Tukizifanya ziwe ndugu," akasema, "mengine ni nyundo." Boneti itanyooshwa, madigadi ya kulia itanyooshwa, rejeta itatengenezwa, bampa na taa zitatafutwa kwenye gari lililokufa kweli. Jumla: shilingi 290,000.

Shilingi 290,000 ni pungufu ya nusu ya 600,000. Kwa hesabu yao wenyewe gari lilikuwa hai. Na kwa thamani yao ya 600,000, bima yangu ya 900,000 haikuwa pungufu.

Nilipeleka makadirio ya Ami. Walisita, kwa kuwa gereji yake haimo katika orodha yao. Mtathmini akarudi, akamtazama Ami akipima kwa kamba, akaondoka akitikisa kichwa, sijui kwa dharau au kwa sifa. Mwishowe kampuni ilikubali kunilipa taslimu 260,000, nami nikatia saini kwamba ubora wa kazi ni juu yangu. Walipunguza gharama, nami nikabaki na gari. Barua ya 2,400,000 sikuionesha. Bado imo mtokoni. Hawakuniuliza, wala sikusema uongo. Lakini mtu aliyeandika kwenye fomu kwamba alikuwa akifikiria shairi alistahili kuitoa barua ile pia, na nimeiwaza zaidi ya mara moja. Mwezi huu nimekata bima upya, kwa thamani tuliyokubaliana kwa maandishi, na nimelipa zile 96,000. Haifuti lililopita.

Kuhusu kazi ya Ami ningeweza kuandika kurasa. Alilifunga gari kwa nyuma kwenye nguzo ya chuma, akafunga mnyororo mbele, akawa anauvuta kidogo kidogo kwa siku mbili, na kila alipoukaza alipiga bati kwa nyundo ndogo ili lisahau umbo baya. Hayo ni maneno yake: "lisahau." Puti aliichukia. Alisema puti ni uongo wa fundi, nyembamba kama karatasi inatosha, na palipobaki shimo bati lichomelewe. Chini ya betri tulikuta kutu imekula hata kidole kikapita. Nilirudi ofisini kuuliza. "Kutu si ajali, Mwalimu," akaniambia yule kijana, na kwa hili hakuhitaji kufikiri. Nikalipa 35,000 zaidi mfukoni mwangu. Msasa wa mwisho ulikuwa wa maji, mwembamba sana, na kijana aliyeupiga alifumba macho akipapasa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema macho hudanganywa na mng'aro.

Ijumaa iliyopita nilimtoa baba hadi uani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza tukiwa tumekwisha kukaa, lakini hakungoja. Aliweka kiganja kwenye mlango, akakitembeza kuelekea mbele, akapita juu ya gurudumu, akafika karibu na taa ya kulia. Hapo akasimama. Akarudi nyuma kama shubiri moja, akapita tena.

"Hapa pamepita mkono wa mtu," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Fundi mzuri. Nani alikuwa akiendesha?"

"Mimi, Baba."

Alinyamaza. Kisha akauliza kama injini imeguswa. Nikamwambia haikuguswa, ni rejeta tu. Akaingia, akafunga mkanda mwenyewe, akashusha kioo, akaniambia niwashe.