Mashua Iliyoitwa Mimi

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu habari za afisa wa majini wa Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, na kwa miaka hiyo yote nimezifundisha vibaya. Nakiri hadharani kwa sababu kosa hilo hilo nimelikuta pia mezani pangu, ndani ya jalada lenye jina langu.

Spicer-Simson alizaliwa Tasmania mwaka 1876 na kuingia katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza angali mvulana. Hakuwa afisa wa kusifika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa bado luteni kamanda, cheo ambacho wengi wa rika lake walikwisha kukivuka. Novemba 1914 mojawapo ya meli zilizokuwa chini yake, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na mji wa Deal; mwenyewe alikuwa nchi kavu, hotelini, pamoja na mkewe. Akapewa kazi ya ofisini.

Mwaka uliofuata mwindaji mmoja aliyeijua Afrika, John Lee, alipeleka shauri kwa wakuu wa jeshi hilo: Wajerumani waliolitawala Ziwa Tanganyika wangeweza kushindwa kwa mashua ndogo za mota zenye mwendo wa kasi, zikipitishwa Afrika Kusini na Kongo ya Wabelgiji. Shauri likakubaliwa, uongozi akapewa Spicer-Simson. Kabla mashua hazijafika ziwani, Lee alikwisha kuondolewa katika msafara.

Mashua zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa futi 40. Afisa alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa, naye akachagua maneno ya Kifaransa cha kitoto yenye maana ile ile: Mimi na Toutou. Darasa hucheka kila nifikapo hapo, maana sikio la Mswahili haliwezi kulisikia jina hilo la kwanza kwa maana nyingine. Nami hucheka pamoja nao, kisha naendelea: meli hadi Cape Town, treni hadi Fungurume katika Katanga, halafu zaidi ya kilomita 200 za nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba, mashua zikivutwa na matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe.

Muhula huu binti mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono. "Mwalimu, trekta la mvuke hunywa maji. Huko milimani maji yalitoka wapi?"

Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Nikarudi kwenye vitabu nilivyokuwa nimevisoma kwa haraka, na jibu lilikuwamo siku zote: njia ilipokauka, waliajiriwa wanawake wa maeneo hayo wakabeba maji kwa vyungu kichwani ili injini zisizimike. Wanaume walikata miti, walijenga madaraja, walivuta kamba pale mashine zilipokwama. Majina yao sikuyakuta.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 26 Desemba 1915 Spicer-Simson, akiwa ndani ya Mimi, aliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 kikosi chake kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Akapandishwa cheo na kuvishwa nishani. Lakini Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, hakuthubutu kuishambulia. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na Kigoma, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi. Iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nami niliipanda nikiwa kijana, nikashuka Kasanga, iliyokuwa Bismarckburg. Ni hapo ambapo mwezi Juni 1916 afisa wetu aliwaacha Wajerumani wakaponyoka ziwani usiku. Hakupewa tena kikosi cha kuongoza vitani. Baada ya vita alipata wadhifa Monaco, katika ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, na alifariki Canada mwaka 1947.

Wiki iliyofuata nililijibu swali la yule binti. Jioni nikarudi ofisini kukamilisha maombi yangu ya kupandishwa cheo, ambayo mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Ukurasa wa tatu ulihusu ripoti ya migogoro ya ardhi, kazi ninayojulikana kwayo zaidi. Nilikuwa nimeandika: nilibuni, nilikusanya, nilichambua, niliandika. Nikahesabu "ni" hizo, nikaona aibu. Dodoso lilibuniwa na msaidizi wangu wa utafiti, aliyekuwa na mkataba wa miezi sita. Sura ya nne aliiandika yeye karibu yote. Mwenyekiti wa kitongoji, mama wa makamo, alitembea nasi siku kumi na moja akitufungulia milango ambayo mimi nisingefunguliwa. Katika ripoti, wote hao ni "wasaidizi mbalimbali".

Dar es Salaam tunalo soko maarufu la Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo wa vita ile. Tumewakumbuka kwa wingi wao. Mmoja mmoja tumewasahau. Na sisi tunaoyalaumu majeshi ya wakoloni kwa hilo tunayafanya yale yale katika taarifa za wizara, katika miradi ya asasi zetu na katika machapisho ya vyuo. Mtumishi wa chini huandaa waraka, mkuu wake huusoma mkutanoni kama wake.

Ukurasa wa tatu niliuandika upya, kwa majina. Mwenzangu mmoja mzoefu amenionya kwamba alama zitapungua na huenda nikasubiri miaka mingine mitatu. Huenda. Nimempigia simu msaidizi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha sekondari, kumweleza kwamba sura ya nne ina jina lake. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Kwa nini sasa, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu la kujitetea. Nilimwambia kwamba kuna mwanafunzi aliyeuliza habari za maji.