Ampli ya Lampi Mbili

Kwetu Bukavu tunasema lampi. Wazee walikuwa na redio za lampi, zile za sanduku la mbao, unawasha halafu unangoja zipate joto ndipo zianze kusema. Hapa Kampala mafundi wa Katwe wanasema valvu. Ni kitu kimoja: kichupa cha kioo kisicho na hewa ndani, chenye waya unaopashwa moto mpaka unawaka rangi ya chungwa. Halafu transista ikaja, ikafanya kazi ileile ndani ya kitu kidogo kama punje ya harage, bila joto lile na bila kungoja. Watu wengi wanaamini lampi ziliishia hapo. Haziko mbali hivyo. Zinatengenezwa mpaka leo, na wenye pesa wanazinunua kwa bei ya kushangaza.

Mimi si mwenye pesa. Ni fundi wa redio. Lakini nimekaa karibu miaka mitatu na Unico, ampli ya kampuni ya Unison Research ya upande wa Treviso, Italia. Hii ni ampli chotara: mbele ina lampi mbili aina ya ECC83, nyuma ina transista zinazoitwa mosfeti, wati 80 kila upande. Ilinifikia hivi. Mke wangu alikuwa anafanya kazi kwa mzungu mmoja, na mwaka 2022 mkataba wa yule mzungu ukaisha, akaanza kugawa vitu. Ampli ilikuwa imekufa. Akamwambia mke wangu, mpelekee mume wako, ikimshinda auze vyuma. Nikaibeba kwa boda nimeipakata kama mtoto mgonjwa, na rimoti yake ya mbao mfukoni.

Nilipoifungua, fyuzi ilikuwa imekatika na lampi moja ilikuwa nyeupe kichwani. Fundi yeyote wa lampi anajua maana yake. Juu ya kioo, kwa ndani, kuna rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hewa ikiingia, hiyo fedha inageuka nyeupe kama maziwa, na hapo lampi imekwisha, hakuna dawa. Katwe nzima sikupata ECC83. Nikamwandikia mtoto wa shangazi yangu, aliyepelekwa Winnipeg na mpango wa wakimbizi. Akanijibu kwamba hata kule ni shida: Machi ya mwaka huohuo Urusi ilikuwa imezuia bidhaa nyingi zisitoke nje, lampi zikiwemo, na sehemu kubwa ya lampi za dunia inatoka kwenye kiwanda kimoja cha Saratov. Bei zilikuwa zimeruka. Bon, vita vya watu wengine vimenifuata mpaka kwenye meza yangu ya kazi, nikasema. Mwishowe alipata za JJ, zinazotengenezwa Slovakia, akanitumia tatu ndani ya soksi kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa anakuja kuona watoto wake.

Kwa nini mtu achanganye lampi na transista? Si kwa urembo tu. Lampi ina volti nyingi lakini haina nguvu ya kusukuma, na spika inataka kinyume chake: mkondo mwingi kwa volti chache. Ndiyo maana ampli ya lampi tupu inabeba transfoma kubwa mbili za kutokea, za kugeuza kile kiwe hiki, na ndizo zinazoifanya iwe nzito na ghali. Kwenye chotara hizo hazipo. Lampi inaikuza sauti ingali ndogo, halafu mosfeti zinapokea mzigo. Mmoja anasema, mwingine anabeba.

Sasa, inasikika vipi? Wenye ampli za namna hii wana neno lao, wanasema "joto". Sauti ina joto. Mimi nilitaka kujua joto hilo liko wapi, maana lile la kwenye kifuniko nililijua, chumba chetu ni kimoja na Februari ya Kampala si mchezo. Nikaiweka pembeni ya Sony yangu ya zamani ya transista tupu, spika zilezile, wimbo uleule. Kwanza nilipima volti kwenye nyaya za spika kwa multimita, mpaka zote mbili zikawa sawasawa. Hili watu wengi hawalifanyi, na sikio siku zote linasifia ile inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi. Kijana wangu Espoir akakaa ameugeukia ukuta, mimi nabadilisha. Mara kumi. Alipatia sita.

Sita si kitu, hata shilingi ukiirusha inaweza kukupa sita. Lakini nilimuuliza kwenye zile sita alisikia nini, na jibu lake nalikumbuka: "Papa, kwa hii gitaa halinichomi." Tulikuwa tunapiga "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya 1985, yale magitaa yanayozunguka bila kuchoka. Ni kweli, kwenye Unico hayachomi. Lampi inaongeza kitu kidogo ambacho hakikuwemo kwenye sahani, mlio wa oktavu ya juu, wa chini sana, uliojificha nyuma ya noti yenyewe. Sikio linaupenda. Kwa lugha ya kipimo ni kasoro. Na kwa kuwa lampi za mbele hazifanyishwi kazi ngumu, kasoro yenyewe ni ndogo mno. Anayekuambia kwamba lampi mbili zimegeuza kila kitu, anakuuzia lampi.

Mahali niliposadiki kabisa ni kwenye rekodi za zamani, tena sauti ikiwa chini. Saa nne za usiku, landilodi amelala, piga "Marie-Louise" ya Wendo, iliyorekodiwa 1948 kwa Ngoma kule Kinshasa enzi inaitwa Léopoldville. Hapo kila kitu kilipita kwenye lampi, kuanzia maikrofoni mpaka redio ya baba yako. Kwenye Sony sauti ikishuka, muziki unajikunja, unabaki mtu anaimba ndani ya debe. Kwenye Unico unashuka mzima. Nafasi kati ya sauti na gitaa inabaki. Lakini hiyo sidhani ni lampi peke yake. Ni transfoma nzuri ya umeme, ni kapasita kubwa, ni watu waliokaa wakafikiri. Waitaliano wangeweka transista mbele, huenda ningesema hayohayo.

Ubaya wake? Inakula Yaka. Hata ikikaa kimya inakula, na mke wangu alikuwa anajua kwa kuitazama tokeni inavyoyeyuka. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, roho inakutoka. Niliifungia kikata umeme changu mwenyewe kinachongoja dakika tatu kabla ya kuruhusu.

Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Mwezi wa tatu shemeji yangu akatufikia na watoto wanne, wamepitia Bunagana, wamelala Nyakabande, na mkubwa wa watoto amevimba mguu. Tukawa watu tisa kwenye muzigo mmoja. Ampli ilikuwa inakaa juu ya meza, na meza ndiyo ilikuwa nafasi ya godoro. Hakuna aliyesema kitu. Mama Espoir alisema tu, "Papa Espoir, wewe mwenyewe utaona."

Mnunuzi alikuwa Mkongo mwenzetu, anafanya biashara ya vitenge mjini. Nilitaka milioni moja na nusu. Akaja, nikampigia Wendo, nikampigia Franco. Alikuwa anainama huku na huku. Akauliza, "Fundi, lampi ziko wapi?" Nikamwambia ziko ndani, mukubwa, chini ya kifuniko, chungulia kwenye matundu utaona zinawaka kidogo. Akachungulia. Uso ukaanguka. Kumbe alitaka zionekane, wageni wakikaa sebuleni waulize.

Simlaumu. Watengenezaji wenyewe wanajua. McIntosh, Wamarekani wale, kwenye chotara yao ya MA252 wamezisimamisha lampi nje kabisa, na chini yake wameweka taa ndogo za LED: lampi zikiwa zinapata moto ni rangi ya kahawia ya dhahabu, zikiwa tayari ni kijani. Lampi haijawahi kuwaka kijani tangu dunia iumbwe. Na nimefungua vi-ampli vya bei ndogo ambavyo mwanga wa chungwa wote ulikuwa wa LED. Lakini laki sita zilikatwa kwenye bei yangu kwa sababu Waitaliano walifunika. Nikapokea laki tisa. Ilikuwa chumba cha pili kwa miezi mitatu, magodoro mawili, na daktari wa ule mguu.

Wiki mbili baadaye akanipigia kwamba inavuma. Nilikwenda. Ampli haikuwa na tatizo, nyaya za ardhi za nyumba yake ndizo zilizokuwa mbovu, tena tundu la televisheni na tundu la ampli kila moja na ardhi yake. Nikayaweka pamoja, mvumo ukaisha. Akanilipa elfu hamsini na nauli ya boda. Kabla sijatoka akaweka wimbo. Spika zake ni kubwa kuliko zangu mara tatu, na ile besi ya Unico, ambayo kwangu ilikuwa inagonga ukuta inarudi, kwake ilitulia chini kama mtu aliyepata kiti. Nikamuuliza kama anaweza kuurudia kuanzia mwanzo.