Viungo vya Chai ya Kipupwe, na Vile Vichupa Sitini



Kipupwe kimeingia. Hapa Kivukoni hatuhitaji kalenda ya kutuambia. Kusi linavuma kutoka baharini, asubuhi unajitanda kanga ya pili juu ya ile ya kwanza, na abiria wanaoshuka boti ya Unguja wanatoka wamejikunyata. Sikukuu kubwa imepita, harusi zimeanza, na kila nyumba inataka chai ya viungo. Mwaka jana wengi mlituomba tuwape vipimo vyetu, tukawajibu kwamba tumezidiwa na shughuli. Haikuwa shughuli, ilikuwa aibu. Leo tunawapa vipimo, lakini kwanza tuwape na sababu.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Pemba. Aliyekulia huko anajua jioni za msimu wa karafuu. Karafuu huchumwa na vikonyo vyake, kisha watoto na wakubwa hukaa juu ya mkeka kuzichambua: karafuu huku, makonyo kule. Bibi yetu alikuwa akimaliza dua zake anakuja kwenye rundo letu, anaingiza mkono mpaka chini, anatoa kiganja na kukitazama kwenye taa. Akikuta konyo, rundo zima linachambuliwa upya. Si kwamba makonyo ni takataka. Yana kazi yake, hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yakatolewa mafuta. Ila konyo si karafuu, wala halina bei ya karafuu.

Tulipohamia Dar es Salaam tukaanza kuuza viungo vya chai, kidogo kidogo, kwa majirani na kwa bibi harusi wanaopenda kuwapa wageni wao zawadi ndogo. Kipupwe cha mwaka juzi tukapata oda kubwa kuliko zote. Bibi harusi mmoja wa Kigamboni alitaka vichupa sitini, kila kimoja gramu 50. Hizo ni kilo tatu za viungo. Akatulipa nusu ya pesa mbele.

Wiki ile ile mwenye nyumba alikuja kudai kodi. Tukamlipa kwa pesa ya bibi harusi, tukiambizana kwamba Mola atafungua mlango mwingine. Siku tano kabla ya harusi mlango ulikuwa haujafunguka, na sisi tukatembea kwa miguu kupita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, mkobani mna pesa isiyofika hata nusu ya mahitaji.

Hiliki ilikuwa imepanda bei. (Kariakoo wanaiita iliki, na nyingi hushuka kutoka milima ya Usambara na Uluguru.) Tukanunua nusu ya tuliyoihitaji. Pengo tukalijaza kwa tangawizi ya kusaga iliyopauka, ambayo ukiipaka kwenye kidole unaona wazi kwamba imetiwa unga wa mahindi. Tukaenda kwenye karafuu. Muuzaji alikuwa Mpemba, lafudhi yake ilimtangulia. Tulipouliza ile ya kusaga ya bei ya chini, hakutuficha.

"Hii ina makonyo mengi, dada zangu. Ndiyo maana bei yake hii."

Tukamwambia, "Tufungie."

Hatukudanganywa na mtu, wapenzi. Tuliambiwa, tukajua, tukanunua.

Usiku tukachanganya. Ilikuwa na rangi ya viungo, lakini harufu ilikuwa hafifu, ukifungua kichupa unasikia unga kwanza. Basi mmoja wetu akatoa kopo letu la jikoni, vile viungo tunavyokunywa wenyewe, na juu ya kila kichupa tukaweka kijiko kimoja. Sitini vyote. Tukafunga vifuniko, tukatia na utepe.

Baada ya Alasiri alikuja bibi harusi mwenyewe. Akafungua kimoja, akanusa, akafumba macho. "MashaAllah, da zangu, ukumbi mzima utanukia." Akatushukuru, akabeba kasha lake, akateremka kwenda kupanda pantoni.

Nyote mnaijua hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule ulioloa juu, watu wakauona, na tukafundishwa kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tumeisikia tangu chuoni. Jioni ile, tukiwa kwenye mswala, tuliisikia kwa namna nyingine, kwa sababu sisi hatukuwa na hata mvua ya kusingizia. Kikavu tulikiweka juu kwa mikono yetu. Tulitoa salamu, hakuna aliyeinuka, wala hatukutazamana.

Asubuhi tukavuka. Tulimkuta na mama yake, wanachambua mchele wa shughuli. Tulisema yote: kodi, tangawizi, makonyo, na kile kijiko cha juu. Kile cha juu ndicho kilichokuwa kigumu kutamka.

Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Na mngenyamaza, sisi tungejuaje?"

"Msingejua, mama."

Bibi harusi hakulia wala hakutukana. Alisema, "Basi rudisheni pesa yangu, leo." Ilikuwa haki yake. Mmoja wetu akauza bangili aliyotunzwa siku ya harusi yake mwenyewe, na kabla ya Magharibi pesa ikavuka maji. Wageni wakapewa halua. Sisi hatukualikwa, wala hatukustahili.

Vichupa sitini vikarudi nyumbani. Kuvitoa sadaka hatukuweza, kwani vipi umpe maskini kile unachoona haya kukiuza? Tukavinywa wenyewe kipupwe kizima, chai nzito kwa unga wa mahindi.

Tulidhani biashara imekwisha. Mwezi wa pili baada ya harusi simu ikalia, ni yeye. Alitaka kichupa kimoja cha kumpelekea mkwe wake. "Lakini mniambie kilichomo," akasema, "kimoja kimoja." Tukamsomea. Leo tunawasomea ninyi.

Kwa chupa moja ya kiasi cha robo kilo:

- Hiliki nzima, pamoja na maganda, gramu 70
- Tangawizi kavu, vipande, gramu 70
- Mdalasini wa vijiti, gramu 50
- Pilipili manga nzima, gramu 30
- Karafuu nzima, gramu 20
- Kungumanga moja

Nunua kila kitu kizima. Kiungo kilichosagwa hakikwambii kilikotoka. Karafuu iangalie kama ina kichwa chake, yaani kile kifundo cha mviringo juu. Ibonyeze kwa ukucha, nzuri huacha mafuta. Ukitaka uhakika, tia chache kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyochoka huelea ubavu. Hiliki iwe na rangi ya kijani na ukiitikisa usikie mbegu ndani. Tangawizi kavu ivunjike kwa mlio, ikijikunja bado ina maji.

Chambua kila kiungo peke yake kwenye ungo, toa vijiti na vijiwe, kisha anika. Jua la kipupwe si kali lakini upepo ni mkavu, kwa hiyo siku moja au mbili zinatosha. Kama kuna mawingu, tumia kikaango kikavu na moto mdogo, ukikoroga dakika mbili tatu mpaka harufu ipande. Usingoje moshi. Karafuu itie mwisho, maana ikiungua inatia uchungu kopo zima.

Tangawizi na mdalasini ni vigumu, vitwange kwanza kwenye kinu, halafu ndipo utie vingine, au visage kwenye blenda. Kungumanga ikune mwenyewe juu ya mchanganyiko. Chekecha, na makapi yanayobaki yachemshe kwenye chai ya siku hiyo, usiyatupe. Acha viungo vipoe kabisa kabla ya kufunika, vinginevyo jasho litavifanya vishikane. Weka kwenye chupa ya kioo, kabatini, mbali na jiko. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo harufu yake, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo.

Nusu kijiko cha chai kinatosha birika la vikombe vinne. Vitie kwenye maji pamoja na majani, acha vichemke, kisha maziwa. Vinakaa vizuri pia kwenye uji wa asubuhi, kwenye unga wa maandazi, na kwenye viazi vitamu vya nazi. Bibi harusi wetu mpya, ukiingia jikoni kwa mkwe, usianze na pilau ya watu hamsini. Anza na chai hii.

Siku hizi kila kichupa chetu kina karatasi yenye orodha ya kilichomo, imeandikwa kwa mkono. Na kabla ya kufunga, mmoja wetu huingiza kijiko mpaka chini, anageuza, ananusa, ndipo tunafunika.

Allah atujaalie riziki ya halali hata ikiwa kidogo, na azibariki ndoa zenu. Wassalaam.