Nkoma na Miezi ya Zohali

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale huuacha Mto Nile nyuma yake, akayapita mashamba ya miwa ya Kakira, na baada ya mji wa Iganga akaishika njia ya Tirinyi. Barabara hiyo huvuka mabonde ya mpunga ya Mto Mpologoma, ikapita Budaka, na kabla safari haijakwisha Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, hujitokeza mbele kama ukuta ulioziba upande wote wa mashariki. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Chini ya tawi lake liitwalo Wanale ndipo ulipo mji wa Mbale, na upande wa kaskazini wa mji huo ndiko uliko mtaa wa Nkoma.

Nkoma si mahali pa fahari. Pana shule, maduka, vijana wa bodaboda, na migomba nyuma ya nyumba. Lakini mtu asimamapo hapo hulazimika kuinua macho, maana majabali ya Wanale yaonekana juu ya mapaa, na wakati wa mvua maporomoko ya maji huning'inia juu yake kama nyuzi nyeupe. Basi hapa panafaa kuanzia habari ya watu wapendao kutazama mbinguni.

Mawe kutoka juu

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti, 1992, saa 9.40 alasiri, kimondo kilichotoka upande wa kusini, kwa mwendo wa kadiri ya kilomita 13 na nusu kila sekunde, kilipasuka juu ya Mbale. Vipande vyake vikanyesha mjini na viungani, katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Jiwe kubwa kuliko yote yaliyopimwa lilikuwa la kilo 27.4, dogo kabisa halikutimiza hata robo ya gramu. Kipande cha gramu 3.6 kilipita katika majani ya mgomba, kikapungua nguvu, kikamgonga mtoto mmoja kichwani bila kumdhuru. Mgomba, ambao Mgisu huutegemea kwa chakula, siku ile ulikuwa ngao pia.

Miaka ile UKIMWI ulikuwa ukiteketeza jamaa nzima nzima nchini Uganda, na dawa haikuwapo. Si ajabu basi kwamba baadhi ya watu waliyaona mawe hayo kuwa tiba iliyoteremshwa na Mungu, wakayasaga na kuyala. Aliyepata kuuguza mgonjwa asiyeponyeka hatawacheka. Lakini mawe hayakumponya mtu, na kila jiwe lililosagwa lilipotea pamoja na habari zake.

Wageni wenye mizani

Haukupita muda mrefu wakafika wageni kutoka Uholanzi, wa chama cha watazamaji wa vimondo. Chama hicho ni cha wapenzi wa elimu ya nyota, yaani watu ambao wengi wao hufanya kazi nyingine mchana na kukesha usiku wakitazama mbingu bila kulipwa. Walishirikiana na wataalamu wa miamba wa Chuo Kikuu cha Makerere. Silaha zao zilikuwa mizani, ramani, daftari na subira.

Walikwenda mlango hadi mlango wakiuliza kila mtu alisikia nini, alikuwa amesimama wapi, na jiwe liliangukia wapi. Kwa njia hiyo wakapata mahali 48 palipoanguka mawe. Hata ilipofika Oktoba 1993, uzito wa mawe 863 ulikuwa umekwisha kuandikwa au kukadiriwa. Kazi hiyo haikuwa ya bure. Jiwe jepesi huzuiwa upesi na hewa, bali jiwe zito huendelea mbele zaidi. Kwa hiyo mtu akiandika katika ramani uzito wa kila jiwe mahali lilipoangukia, ataweza kujua kimondo kilielekea wapi. Mwaka 1994 matokeo yalichapishwa: yaelekea kimondo kilikuwa na kadiri ya kilo 1,000 kabla ya kuingia katika hewa, kilo 190 hivi zikafika chini, na 150 zikaokotwa. Hakuna hata moja ya hesabu hizo ambayo ingaliwezekana bila mkulima, mama wa nyumbani, na mtoto aliyeonyesha shimo shambani.

Jioni ya siku ile ile, jua lilipokuwa likitua, sayari ya Zohali ilikuwa ikichomoza mashariki, nyuma ya Wanale. Watu wa Mbale walikuwa wameinama wakitafuta mawe.

Picha kutoka mbali

Zohali ndiyo sayari yenye pete, na kufikia mwaka 2025 miezi yake iliyojulikana ilikuwa 274. Hulizunguka jua kwa kadiri ya miaka 29 na nusu, hivyo mwaka 2022 ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa siku ya mawe. Katika mzunguko huo mmoja chombo cha angani kiitwacho Cassini kilikwenda na kumaliza kazi yake huko. Kilirushwa mwaka 1997 na Marekani kwa ushirikiano na nchi za Ulaya, kikafika mwaka 2004, kikaizunguka Zohali kwa miaka 13. Tarehe 15 Septemba, 2017 kiliongozwa kwa makusudi kikaungua ndani ya sayari hiyo, kisije siku moja kikaiangukia na kuichafua miezi yake.

Cassini kilipiga picha zaidi ya 450,000, nazo zilitolewa kwa watu wote bila malipo, zikiwa bado ghafi. Hapo ndipo wapenzi walipopata kazi. Kamera ya chombo hicho haikupiga picha ya rangi. Ilipiga moja kupitia kioo chekundu, nyingine kupitia cha kijani, na nyingine kupitia cha buluu. Mpenzi huzichukua tatu hizo na kuzilaza moja juu ya nyingine, kama mpiga chapa wa kanga awekavyo rangi juu ya rangi. Kwa kuwa mwezi na chombo vyote vilikuwa vikienda, picha hazilingani, naye hana budi kuzisogeza mpaka kingo zikutane.

Tarehe 14 Januari, 2005 chombo kidogo kiitwacho Huygens kilitua juu ya Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Picha ghafi zilipotolewa, wapenzi waliziunganisha upesi, na walimwengu wakaona uwanda wenye vijiwe vya mviringo kama vya mtoni. Katika picha nyingine yaonekana mwezi Iapetus, mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili. Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 tu, unaonekana ukirusha maji na barafu kutoka katika nyufa za ncha yake ya kusini.

Jiwe na picha

Mengi ya mawe ya Mbale leo yamo katika makabati ya wakusanyaji wa nchi za mbali. Jiwe likiuzwa au kusagwa halirudi. Picha ya Enceladus haipungui hata ikitazamwa na watu elfu, na mwanafunzi wa Nkoma mwenye simu ya kuazima anaweza kuifungua sawasawa na profesa wa Ulaya. Lakini vyote viwili hudai tabia moja: kutazama kwa makini, kuandika, na kutosema zaidi ya kilichoonekana.

Tabia hiyo askari anayo tayari. Alindaye lindo usiku hujua saa, upande na umbali, na huandika katika kitabu cha zamu. Nyota ya manjano isiyometameta, ipitayo karibu na utosi huko Mbale, yaweza kuwa Zohali, ingawa pete zake hazionekani bila darubini.

Na jamaa yeyote akiona jiwe limeanguka kutoka angani, aandike saa na upande lilikotokea, apige picha kabla ya kuliinua, asilioshe, alifunge katika karatasi safi na kavu, kisha awapelekee habari wataalamu wa miamba wa chuo kikuu. Kilo 40 hivi za siku ile ya Ijumaa hazikupata kuandikwa na mtu yeyote. Huenda baadhi yake bado zimo katika udongo wa Mbale, chini ya migomba.