Ajali, Fidia na Dia

Chini ya mtaa wa Al Sadd jijini Doha hupita treni za Mstari wa Dhahabu, zilizoanza safari mwaka 2019. Juu yake, milangoni mwa maduka na majengo marefu, husimama walinzi, wasafishaji na wahudumu wa mikahawa, na miongoni mwao Kiswahili cha Mombasa, cha Tanga na cha Kampala husikika bila kutafutwa. Si mbali na hapo ipo Hospitali Kuu ya Hamad, ambako hupelekwa waliojeruhiwa vibaya kazini. Mswahili akipelekwa huko hugundua jambo la ajabu: maneno aliyorithi kutoka Kiarabu hayamfikishi kwa Mwarabu.

Kwetu ajali ni tukio baya lisilotarajiwa. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, ile siku ambayo mja ameandikiwa kufa. Na methali isemayo kwamba ajali haina kinga bado inanukia maana hiyo ya kale. Fidia nayo imetokana na fidya, malipo ya kujikomboa, kama chakula anachotoa asiyeweza kufunga Ramadhani. Malipo ya jeraha la kazini huitwa taawidhi. Ni dia peke yake, malipo ya damu, iliyovuka bahari bila kubadili sura. Basi mlinzi anayemwambia karani kwamba amepata ajali na anataka fidia, katika sikio la Kiarabu amekaribia kusema kuwa saa yake ya kufa imefika na anaomba kukombolewa.

Kicheko kingetosha, lau haki yenyewe isingetegemea maneno. Sheria ya Kazi ya Qatar, Na. 14 ya 2004, inamtaka mwajiri amtibu aliyeumia kazini kwa gharama yake, na amlipe mshahara kamili kwa muda wa matibabu usiozidi miezi sita. Matibabu yakiendelea, hulipwa nusu mshahara mpaka apone, athibitishwe kuwa na ulemavu wa kudumu, au afariki. Akifa kwa sababu ya kazi, warithi wake hulipwa kwa kipimo cha dia, ambacho sheria ya mwaka 2008 ilikiweka kuwa riyali 200,000. Ulemavu kamili huhesabiwa sawa na kifo. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia.

Kipimo hicho kina heshima yake. Dia haiulizi mshahara: mkono wa mfagiaji na mkono wa mhandisi vina bei moja. Lakini hesabu ile ile inaonyesha uzito wa kalamu. Kila asilimia moja ya ulemavu ni riyali 2,000, yaani mishahara ya msingi ya miezi miwili kwa anayelipwa kima cha chini cha riyali 1,000 kilichoanza mwezi Machi 2021. Daktari akiandika 10 badala ya 15, mtu amepoteza karibu mwaka mzima wa kazi kwa tarakimu moja.

Hivyo ndivyo haki inavyopunguzwa bila bunge wala tangazo. Ripoti ikisema mfanyakazi alikiuka maagizo ya usalama, fidia inaweza kufutika yote, hata kama maagizo hayo yalibandikwa ukutani kwa lugha asiyoisoma. Mwaka mmoja ukipita tangu ripoti ya mwisho ya daktari, haki ya kudai hukoma; na mwaka huo huweza kuisha mgonjwa akiwa amesharudishwa kwao, amelala kitandani kijijini. Yupo pia anayewekewa mbele hati ya kumalizana, akatia sahihi akidhani kuwa kiinua mgongo chake ndicho fidia. Kiinua mgongo ni malipo ya miaka aliyotumika. Fidia ni malipo ya kiungo kilichoharibika. Moja halilipi deni la lingine.

Punguzo kubwa kuliko yote hufanywa na cheti cha kifo. Kila aliyekufa moyo wake umesimama. Cheti kinachotaja kusimama kwa moyo na kuita kifo hicho cha kawaida, bila kuuliza juu ya jua na saa za kazi, kinamfungia mjane mlango kabla hajabisha hodi. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu vifo 50 vya kazini nchini humo kwa mwaka 2020 na majeruhi wabaya zaidi ya 500. Likahimiza pia kwamba vifo vya vijana wenye afya vinavyoitwa vya kawaida vichunguzwe vizuri zaidi. Hapo ndipo ile ajal ya Kiarabu inaporudi: siku yake ilifika, hakuna wa kulaumiwa.

Nyumbani nako mambo hayajatulia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, inayopima ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96, ilipingwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Tanzania ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2015, kisha mchango wa waajiri binafsi ukashushwa kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka uliofuata. Kilichopunguzwa ni mzigo wa mwajiri, wala si malipo ya majeruhi. Ila chungu kikipunguziwa maji, wenye kiu wana haki ya kuchungulia ndani. Riyali 200,000 za mwaka 2008 hazikupunguzwa na mtu pia. Zimeachwa tu, na bei za vitu zikaendelea kupanda.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kulinda fidia, basi, ni kulinda maandishi: tarehe ya kuumia, jina la jeraha, asilimia ya ulemavu, sababu ya kifo, na hati isiyotiwa sahihi kabla ya kusomwa kwa lugha ya mwenye kovu. Huenda ajali haina kinga. Haki ya aliyeumia inayo, na kinga hiyo ni karatasi yenye neno sahihi, iliyotolewa kabla mwaka haujaisha.