Lamu: Hapa punda ndiye lori

Iwapo utasafiri hadi Lamu kwa basi kutoka Mombasa, kupitia Malindi na Garsen, jua kwamba basi litakuacha Mokowe, upande wa bara. Hapo utateremka ngazi za gati, utaingia mashuani, na baada ya muda mfupi utauona mji umejipanga ukingoni mwa maji. Anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, naye pia sharti avuke bahari. Ukishakanyaga gati ya mjini, tazama kando. Utamwona amesimama kichwa chini, masikio yakicheza kufukuza nzi, na mgongoni ana shogi, yaani ile mifuko miwili iliyounganishwa ikaning'inia ubavu huu na huu. Huyo ndiye lori la Lamu.

Wageni wengi humpiga picha wakapita. Wewe msomaji, simama kidogo umtazame akifanya kazi.

Mawe ya matumbawe yajengayo nyumba za Lamu huchimbwa Manda, yakaletwa kwa jahazi. Jahazi linaweza kuyafikisha ufukweni tu. Kutoka hapo hadi kwa fundi anayejenga ndani kabisa ya mji, kuna vichochoro vinavyopinda, ngazi, na mitaro ya maji katikati ya njia. Hapo ndipo punda anapoanza zamu yake. Hubeba mawe, mchanga, saruji, boriti za mikoko, magunia ya unga, mitungi ya maji, na hata kabati la bibi harusi likifungwa vyema. Mswagaji humfuata nyuma akiwa na kijiti, na njia ikiwa nyembamba atapaza sauti, "Simile! Simile!" Ukisikia hivyo usisimame kushangaa. Jibanze ukutani, kwa maana punda mwenye mzigo hajui kurudi nyuma, na shogi lililojaa mawe likikugusa goti utalikumbuka mpaka utakaporudi Nairobi.

Mji huu uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu husifu milango yake ya nakshi na nyumba zake za kale. Wachache husema kwamba nyumba hizo zimesimama karibu karibu namna ile, zikipeana kivuli na ubaridi, kwa sababu waliozijenga hawakuhitaji njia pana zaidi ya mtu na punda wake. Hata Usita wa Mui, ndiyo barabara kuu hiyo, ungeweza kunyoosha mikono ukakaribia kuta za pande zote mbili katika sehemu nyingine. Kwa miaka mingi gari lililosifika kisiwani lilikuwa moja tu, la mkuu wa wilaya, nalo lilikuwa halina pa kwenda ila mbele ya bahari.

Wenyeji wana msemo kwamba mwanamume asiye na punda ni punda mwenyewe. Ni mzaha, lakini una hesabu ndani yake. Punda mmoja akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 25, na anaweza kulisha nyumba, kuvalisha watoto na kulipa karo. Kwa hivyo kijana wa Lamu hujifunza kupanda punda mapema, mara nyingi bila tandiko, na siku za mashindano kwenye sherehe za utamaduni utawaona vijana hao wakitimua mbio mbele ya bahari huku mji mzima umejaa kandoni. Mshindi hutembea mjini kama mfalme kwa siku kadhaa. Punda wake, nadhani, hurudi mchangani Jumatatu.

Tusimpambe sana punda huyu hata tukaficha dhiki yake. Wako wanaomtwika kupita kiasi, na shogi likiwa baya humchubua mgongo hadi kidonda. Jioni wengi wao huachiliwa wakajitafutie chakula vichochoroni, na huko hula takataka. Mifuko ya plastiki, kabla haijapigwa marufuku nchini mwaka 2017, ilikuwa ikiwaziba matumbo. Ndiyo sababu kuanzia 1987 kuna kliniki ya punda mjini, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, inayowatibu bila malipo: dawa za minyoo, vidonda, kwato, hata meno. Kuna pia mashindano ya kumtuza mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mbio za maana zaidi.

Lakini siku hizi ukilala Lamu utasikia sauti nyingine pamoja na ile ya punda alfajiri. Pikipiki zimeingia. Wenye haraka wanazipenda, na vijana wanazipatia riziki, nao hatuwezi kuwalaumu kwa kutafuta mkate. Ila kichochoro ambacho mtoto hucheza mlangoni na bibi huketi barazani hakina pembeni pa kukimbilia. Punda hutembea mwendo wa mtu. Pikipiki haiujui mwendo huo.

Jambo la pili limetoka mbali zaidi. China ngozi ya punda huchemshwa ikatengenezwa dawa iitwayo ejiao. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa hapa Kenya, Mogotio, Naivasha na kwingineko, na muda si muda wenye punda bara wakawa wanaamka asubuhi wakikuta kamba tupu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilikuta chini ya milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuupiga marufuku barani kote. Kumbuka kwamba punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima, akazaa mmoja. Si kuku huyu. Lamu ina bahari pande zote, lakini nchi ikipungukiwa na punda, bei yake itavuka maji bila kuhitaji mashua.

Basi ukifika, na mizigo yako ikiwa mizito, uliza mchukuzi mwenye punda kabla ya kutafuta usafiri mwingine. Patana bei mapema, na umtazame mnyama mgongoni: asiye na kidonda ndiye wa kuchukua, na mwambie mwenyewe kwamba ndiyo sababu umemchagua. Watoto wakitaka kuona zaidi, wapeleke asubuhi kwenye ile kliniki iliyoko mbele ya bahari, wakawaone wagonjwa wa masikio marefu wakingoja daktari kwa utulivu.