Hatukukataa Maghorofa

Kuna watu Kampala wanaoamini kwamba wapangaji wa Nakawa na Naguru waliondolewa kwa sababu walipinga maendeleo. Nimeyasikia maneno hayo kwenye teksi, nimeyasikia msibani, na juzijuzi nimeyasikia kwa kijana ambaye alikuwa shule ya msingi wakati tingatinga zilipoingia. Mimi nilikulia Nakawa. Nataka kusema ninachokijua, kwa sababu wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na walioandika habari za mahali pale wengi wameandika habari za mikataba.

Nyumba za esteti hizo mbili, Nakawa na Naguru, zilijengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, upande wa mashariki wa mji, kwa ajili ya Waafrika wenye kazi za mshahara. Kabla ya hapo mji ulimtaka Mwafrika afanye kazi mchana, jioni ajijue mwenyewe atalala wapi. Naguru, kule mlimani, palikuwa na nyumba kubwa kidogo zenye bustani, na kodi yake ilikuwa ya juu. Nakawa, huku chini karibu na Barabara ya Jinja, palikuwa na nyumba ndogo na kodi nafuu. Sisi watoto wa Nakawa tuliwaona wa Naguru kama watu waliokwisha kufika. Lakini mpira tulicheza pamoja, na mama zetu walinunua mukene, yaani dagaa, na matoke katika soko hilohilo.

Mtaani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya bombani. Mjaluo, Mluhya, Mteso, Mwacholi, Mtoro na Muganda walipanga madebe yao kwenye foleni moja kabla jua halijachomoza, na ugomvi wa nani katangulia uliamuliwa kwa Kiswahili. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti wake katika esteti hizo mbili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Aliona jambo ambalo wazee wetu waliliishi tu bila kulipa jina: watu wa makabila mengi na wa nchi zaidi ya moja wakijifunza ujirani wakati uleule Uganda na Kenya zilipokuwa zikipata uhuru.

Ujirani huo uliumizwa mapema. Mwaka 1970 serikali ya Rais Obote iliamuru wafanyakazi kutoka Kenya waondoke nchini, na maelfu wakaondoka, wengi wao Wajaluo. Katika mstari wetu nyumba kadhaa zilifungwa ndani ya siku chache. Jirani yetu mmoja alimwachia baba yangu cherehani ya miguu, akamwambia, "Ndugu yangu, nitunzie, nikitulia Kisumu nitairudia." Baba aliifunika kwa shuka na hakumruhusu mtu kuishonea, hata mama. Jirani hakurudi. Ninalitaja hili kwa sababu watu wa Nakawa walijua zamani sana kwamba mtu anaweza kuamriwa kuondoka nyumbani kwake, na tangu hapo neno "kuhama" halikusemwa ovyo katika nyumba zile.

Lakini katika mambo ya kila siku, Halmashauri ya Jiji ilikuwa kitu ulichoweza kukiendea kwa miguu. Palikuwa na ofisi ya esteti, na ndani yake karani, rejista na meza ndefu. Nje palikuwa na ubao wa matangazo. Kila mpangaji alikuwa na kitabu cha kodi. Cha baba kilikuwa na jalada gumu lililochakaa pembeni, naye alikitia katika mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Kila mwezi alikwenda nacho, akarudi nacho kikiwa na mhuri mpya, akautazama mhuri ule chini ya taa kabla hajakirudisha mahali pake. Bomba likipasuka, mtu alikwenda kumwona karani. Fundi alikuja, pengine baada ya siku nyingi, lakini alikuja.

Baada ya 1986 zikaja kamati za mtaa, kwanza zikiitwa RC, baadaye LC. Nakumbuka mikutano ya Jumapili mchana. Mwenyekiti alisimama na barua kutoka divisheni ya jiji, akaisoma kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha akaieleza kwa Luganda na kwa Kiswahili. Ilikuwa barua ya takataka, au ya kipindupindu, au ya vibanda vilivyojengwa juu ya mitaro. Watu waliuliza maswali mpaka kigiza kinaingia. Wanawake waliokaa nyuma ndio waliouliza maswali magumu kuliko wote: fedha za kodi zetu zinakwenda wapi, na kwa nini vyoo havijazibuliwa. Mwenyekiti akishindwa, alikubali kuwa ameshindwa na kuahidi kwenda kuuliza. Hiyo ndiyo serikali ya mitaa niliyoijua, na sijapata kuona iliyo bora kuliko hiyo.

Vyoo kweli havikuzibuliwa. Kufikia miaka ya 1990 mabati yalikuwa yameoza, na familia zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Waliokuwa watoto walikuwa wameoa na kujenga vibanda vya mbao ubavuni mwa nyumba za wazazi wao. Mtu yeyote aliyepita pale aliona kwamba esteti inahitaji kujengwa upya. Waliokaa ndani waliliona hilo kuliko mpita njia, maana mvua iliwanyeshea wao.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiuza nyumba zake. Sheria ya umiliki wa fleti ilipitishwa mwaka 2001, na wapangaji wa fleti za umma, kama zile za Bugolobi, wakapewa nafasi ya kununua walipokuwa wakiishi. Bugolobi iko ng'ambo tu ya Barabara ya Jinja. Mtu wa Nakawa aliyelipa kodi kwa miaka arobaini alimwona mwenzake wa ng'ambo akipata hati, naye akajiuliza zamu yake itafika lini. Tumaini hilo halikuwa la kijinga. Lilikuwa limejengwa juu ya mfano uliokuwa ukionekana kwa macho.

Badala yake, mwaka 2007, serikali kupitia Wizara ya Serikali za Mitaa ilitia saini mkataba na Opec Prime Properties, kampuni ya kundi la Comer la Uingereza. Esteti zote mbili, hekta 66 hivi, ambazo ni kama ekari 160, zingebomolewa na mahali pake ujengwe mji mpya wa kisasa: nyumba 5,000, pamoja na maduka, shule na huduma nyingine, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 300 za Marekani. Wapangaji waliandikishwa. Familia 1,747 ziliingizwa katika orodha, zikaambiwa zitapewa nafasi ya kwanza ya kununua fleti katika mji huo.

Hapo ndipo upinzani ulipoanza, na hapo ndipo historia inapopotoshwa. Wengi niliowajua hawakukataa maghorofa. Mama mmoja wa mstari wetu, ambaye sote tulimwita Shangazi ingawa hakuwa ndugu yetu kwa damu, alinieleza msimamo wake akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya matoke. Nilimwuliza, "Shangazi, kwani nyumba mpya huitaki?" Akanijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, nani asiyeitaka? Waanze pale penye nafasi. Wakimaliza jengo moja, mimi nabeba godoro langu navuka njia. Wabomoe hapa nyuma yangu. Lakini kunitoa leo, na fleti niisubiri nikiwa wapi?" Nilijua hana pa kwenda. Kijiji cha wazazi wake kilikuwa kimegawanywa kwa kaka zake kabla hajaanza hata kuzeeka.

Ombi lilikuwa hilo tu. Jenga kwanza sehemu moja, hamisha watu, kisha bomoa. Ekari 160 ni ardhi kubwa, na mradi wowote wa ukubwa huo hujengwa kwa awamu, haujengwi wote kwa siku moja. Wengine walidai pia kuuziwa walipokuwa wakiishi, kama wenzao wa Bugolobi. Wengine waliuliza fleti zitauzwa bei gani na mstaafu atalipa kwa kitu gani. Yote yalikuwa maswali ya haki, ya aina ileile waliyozoea kuyauliza Jumapili mchana. Walikwenda mahakamani, na kwa muda fulani kesi ziliwakinga.

Kisha Kampala yenyewe ikabadilishwa. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa Halmashauri ya Jiji na kuleta KCCA, mamlaka iliyo chini ya serikali kuu, ambayo mkurugenzi mtendaji wake huteuliwa na Rais. Meya alibaki, madiwani walibaki, lakini funguo za kazi zilihamia kwa walioteuliwa. Sisemi kwamba halmashauri ya zamani ilikuwa safi. Ilikuwa imechoka na ilikuwa na madoa mengi. Nasema kwamba mpangaji alipoteza mlango aliozoea kuubisha. Uchaguzi mkuu ulifanyika Februari 2011. Julai mwaka huo huo, polisi na tingatinga waliingia Nakawa na Naguru.

Nilifika pale jioni. Vitanda vilikuwa barabarani, na masufuria, na milango ya mbao iliyong'olewa na wenyewe ili angalau waiuze. Watu walikuwa wakichomoa mabati yao kutoka kwenye vifusi na kuyapanga kwa idadi, kila mtu na rundo lake. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli alikuwa ameshika kitabu chake cha kodi mkononi, anakionyesha kwa kila aliyepita, mihuri yote ikiwa kamili. Hakuwa anaomba kitu. Alitaka tu mtu akubali kwamba amelipa.

Watu walitawanyika Kireka, Banda, Kinawataka, Mbuya, wengine wakarudi vijijini. Watoto walihama shule katikati ya mwaka. Vyama vya kuzikana, ambavyo ndivyo vilivyomwezesha maskini wa Kampala kuzikwa kwa heshima, vilivunjika kwa sababu wanachama hawakujua tena mwenzao anakaa wapi. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya mradi wowote, nami naiona kuwa kubwa kuliko ya matofali.

Rais aliweka jiwe la msingi la mji mpya Oktoba 2013, zaidi ya miaka miwili baada ya kubomolewa. Kwa miaka hiyo yote, ardhi ambayo haikuweza kusubiri familia zihamishwe kwa utaratibu ilikuwa imelala, inaota majani. Yalijengwa maghorofa machache. Nyumba 5,000 hazikuonekana. Hatimaye mkataba ukavunjwa, na ardhi ikarudi chini ya Kamisheni ya Ardhi ya Uganda, kisha ikaanza kugawiwa watu na makampuni mengine. Mwaka 2022 Bunge liliunda kamati maalumu kuchunguza ugawaji huo, na Januari 2023 wabunge wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri wa Nchi wa Nyumba kufuatia sakata hilo. Yeye alikana makosa na kulipeleka jambo mahakamani. Nilifuatilia mjadala ule redioni. Zilitajwa ekari, zikatajwa barua, yakatajwa majina ya wakubwa. Nilingoja wapangaji watajwe, na mara chache walipotajwa ilikuwa kwa kupita tu.

Mtu asiniambie kwamba haikuwezekana kufanya vingine. Dar es Salaam, wapangaji wa Magomeni Kota waliondolewa karibu wakati uleule na sisi, kaya 644. Nao walihangaika kwa miaka, nao waliandamana na kulia. Lakini kaya hizo ziliendelea kuhesabika kwa idadi yao, Rais Magufuli alikwenda kuwasikiliza mwaka 2016 na kuagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia alizindua pale fleti 656. Kuna manung'uniko Magomeni hadi leo kuhusu masharti ya kuzinunua, na ni haki yao kunung'unika. Wananung'unika wakiwa wamerudi walipotolewa.

Shangazi alifariki akiwa amepanga chumba kimoja huko Kireka. Wengi wa waliokuwa na vitabu vya kodi wamekwisha kufa, ila watoto wao wapo, tunaonana, tunajuana kwa sura. Familia 1,747 ziliandikishwa na serikali yenyewe, kwa karatasi yake na kwa wino wake. Kabla ekari nyingine ya Nakawa au Naguru haijapewa mwekezaji yeyote, orodha hiyo ifunguliwe, isomwe hadharani jina kwa jina, na kila familia iambiwe itapata nini, wapi na lini. Wabunge na madiwani wa Nakawa wanaoomba kura zetu tuwaulize jambo hilo kwanza kabla ya jingine lolote.